MDHAMINI NAYE NI MFANYAKAZI

Katika viwanja vya kazi, katika mabaraza ya kahawa na hata katika vikao vya matawi yetu, liko neno moja linalotamkwa kwa matumaini makubwa. Neno lenyewe ni "kuitwa". "Kaka yangu yuko Marekani, ataniita." "Binti yetu ameolewa Houston, atatuita sote." Neno hili ni fupi, na ufupi wake ndio utudanganyao. Laonekana kana kwamba mtu asimama mlangoni, apaza sauti, na wa ndani waitika na kutoka. Sivyo ilivyo. Leo twataka kulifungua neno hili mbele ya wasomaji wetu, ambao wengi wao ni wafanyakazi, maana zipo nyumba zilizogombana, yapo mashamba yaliyouzwa, na wapo ndugu walionyimana salamu kwa ajili ya jambo ambalo hawakupata kuelezwa sawasawa.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatumlaumu mtu kwa kutamani kuwa karibu na watu wake. Mama kumtaka mwanawe si tamaa, na mume kumtaka mkewe si anasa. Wala hatuwadharau ndugu zetu waliokwenda kutafuta riziki ng'ambo. Wengi wao waamka alfajiri kama sisi tuamkavyo, na fedha waletayo imejenga nyumba na kusomesha watoto katika mitaa yetu. Tunalotaka ni kwamba anayeomba ajue anaomba nini, na anayeombwa asitwishwe mzigo gizani.

Historia yenyewe yafaa ikumbukwe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1924 iligawa nafasi za wahamiaji kwa kufuata asili ya taifa. Mataifa ya Ulaya ya Kaskazini yalipewa maelfu kwa maelfu, na Tanganyika ikaandikiwa nafasi 100 kwa mwaka. Mpango huo wa ubaguzi ulivunjwa na sheria ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi tarehe 3 Oktoba 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru, mjini New York. Tangu hapo undugu ukawa mlango mkubwa wa kuingilia nchi ile. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi twalikiri. Lakini mlango una kizingiti, tena ni kile kipimacho undugu kwa kipimo cha watu wengine.

Sisi tukisema ndugu twamaanisha watu wengi. Baba mdogo ni baba. Mama mkubwa ni mama. Mtoto wa kaka ni mtoto, na bibi aliyekulea tangu unyonyaji ni zaidi ya mzazi. Sheria ile haiwajui hao. Yamjua mume au mke, mtoto, baba na mama, kaka na dada, basi. Bibi hamo, mjomba hamo, shangazi hamo, binamu hamo. Mtoto wa kulea huhesabiwa ikiwa, kwa kawaida, aliasiliwa kisheria kabla ya kutimiza miaka 16, tena awe amekaa na wazazi hao na chini ya ulezi wao wa kisheria kwa miaka 2. Mwenye wake wengi, ambaye Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 yamtambua pamoja na wake zake, kule hutambuliwa mke mmoja tu, yule wa kwanza. Kwa hiyo kijana anapojibu, "Shangazi, sina njia ya kukuita," asidhaniwe amekuwa mchoyo. Asema kweli.

Hata walio ndani ya orodha hawalingani. Raia wa Marekani aweza kumwombea mume au mke, mtoto asiyeoa wala kuolewa aliye chini ya miaka 21, na wazazi wake ikiwa yeye raia ametimiza miaka 21. Hao hawawekewi idadi kwa mwaka. Lakini kaka na dada, na watoto waliokwisha kuwa watu wazima, hupangwa foleni pamoja na jamaa za wale wenye kadi ya ukaazi wasio raia. Kwa foleni hiyo yote sheria imeweka kiasi cha viza 226,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na katika hizo kaka na dada wametengewa 65,000. Kwa sababu hiyo mtu aliyeombewa na ndugu yake wa tumbo moja hungoja zaidi ya miaka 15. Msomaji apige hesabu mwenyewe: mtu aliyeandikwa akiwa na miaka 30 aweza kufika zamu yake akiwa na miaka 45 au zaidi, na mtoto aliyekuwa mgongoni wakati ule amekwisha kuota ndevu.

Lipo na jambo lingine ambalo ni zito zaidi. Baba mwenye kadi ya ukaazi, asiye raia, aweza kumwombea binti yake mtu mzima ambaye hajaolewa. Binti akiolewa kabla ya kufika kule, ombi hilo lafa papo hapo. Miaka yapita, wachumba waja na kwenda, na binti akaa nyumbani akingoja karatasi. Twauliza: ni sheria gani ya jamaa hii imwambiayo binti asianzishe jamaa yake? Tena kijana aliyepata uraia akimwita mama yake, mama huyo haruhusiwi kufuatana na mtoto wake mdogo wa miaka 10 katika ombi lilelile. Mama aenda, mtoto abaki kwa jirani, na safari iliyonuiwa kuunganisha nyumba yaanza kwa kuigawa.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu, nacho ni udhamini. Amwitaye ndugu hutakiwa kutia sahihi hati ya kiapo iitwayo I-864. Hiyo si barua ya mwaliko. Ni mkataba na Serikali ya Marekani, uliowekewa nguvu za kisheria na sheria ya mwaka 1996. Mdhamini aapa kwamba pato lake halipungui asilimia 125 ya kima cha umaskini kilichotangazwa na Serikali hiyo, na katika kuhesabu hutiwa watu wote wa nyumba yake pamoja na yule anayemwita. Kwa viwango vya mwaka 2025, nyumba ya watu 2 ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka, na nyumba ya watu 5 ilihitaji dola 47,062.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa ghala katika jimbo la Texas, ambako kima cha chini cha mshahara ni kile cha taifa, yaani dola 7.25 kwa saa, kiasi kisichoongezwa tangu mwaka 2009. Akifanya kazi saa 40 kwa juma, kwa majuma 52, bila kuugua hata siku moja, apata dola 15,080 kabla ya kukatwa kodi. Hawezi kumdhamini hata mtu mmoja. Akiwa na mke na watoto wawili, naye ataka kumwita mama yake, kwa mshahara huo ingempasa kufanya kazi karibu saa 125 kila juma, na juma zima lina saa 168. Twajua kwamba wengi hulipwa zaidi ya kima hicho, na kwamba majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi. Twajua pia kwamba pato la mke laweza kuongezwa, mali yaweza kuhesabiwa, na mtu mwingine aweza kusimama kuwa mdhamini mwenza. Lakini hesabu ile yaonyesha msingi wa jambo: tajiri humwita mamaye kwa kalamu, na mnyonge humwita kwa mgongo.

Wapo watakaotujibu kwamba nchi yoyote yafaa ijilinde, na kwamba ni haki kumtaka aletaye mgeni amtunze mgeni huyo. Sisi hatulikatai neno hilo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu, na taifa lenye akili haliwezi kuacha mipaka yake kama uwanja wa mnada. Tunalolikataa ni kipimo chenyewe. Mfanyakazi anayepakia shehena, anayewaosha wagonjwa na kuwalinda wazee wa wenzake usiku kucha, kazi yake yakubaliwa, kodi yake yapokewa, na jasho lake halitakiwi kuonyesha cheti. Siku atakapotaka mama yake wa kumzaa awe karibu naye, aambiwa mshahara wake ni mdogo. Nani aliyemlipa mshahara huo mdogo? Palipo na haki, mtu hawezi kutumiwa kama mkono na kukataliwa kama mwana.

Na mkataba huo hauishi upesi. Wamfunga mdhamini mpaka yule aliyeitwa apate uraia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au aihame nchi ile kabisa na kuacha ukaazi wake, au mmoja wao afariki. Talaka haiufuti. Mume aliyemwita mke, wakaachana baada ya mwaka mmoja, angali amefungwa. Aliyedhaminiwa akipokea misaada fulani ya Serikali iliyotengwa kwa maskini, idara iliyotoa yaweza kumdai mdhamini ailipe, na yeye mwenyewe aliyedhaminiwa aweza kumshitaki mdhamini mahakamani kwa kukosa kumtunza. Ahadi ni deni, na deni hili lina muhuri.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mtakapompigia simu kijana wenu usiku na kumwambia, "Umetusahau, mwenzako amekwisha kumwita kaka yake," kumbukeni mnamwomba nini. Mnamwomba aweke shingo yake dhamana kwa miaka pengine 10 ijayo. Yafaa kuulizana kwanza: Unalipwaje? Una watoto wangapi? Utamudu? Huko ndiko kupendana. Kumlaani mtoto kwa sababu hakutia sahihi mkataba asioweza kuutimiza ni kudai damu badala ya msaada.

Lipo na jambo lituhusulo sisi kama taifa. Mtanzania mwenye kadi ya ukaazi hana ruhusa ya kuwaombea wazazi wake. Ni lazima awe raia wa Marekani, na kwa kawaida aweza kuomba uraia huo baada ya miaka 5 ya ukaazi, au miaka 3 ikiwa ameoana na kuishi na raia wa kule. Lakini Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Wenzetu wa Kenya waliliruhusu jambo hilo katika Katiba yao ya mwaka 2010. Kwetu sisi, mtoto atakaye kumleta mama yake kando yake hana budi kwanza kuiweka chini pasi ya nchi aliyomzalia mama huyo. Twajua hoja za wanaotaka uraia ubaki mmoja, na hoja hizo zina uzito, maana utii haugawanywi kama mkate. Lakini twawaomba viongozi na wanachama wanapolijadili jambo hili wasiwafikirie tu wenye fedha watakao viwanja na majumba. Wamfikirie pia yule mfanyakazi aliyeiacha pasi yetu huku akilia, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa na hakuwa na mtoto mwingine.

Twaja sasa kwa adui aliye karibu zaidi, naye ni kishoka. Huyu huvaa vizuri, huzungumza taratibu, na hubeba bahasha yenye picha ya bendera. Asema ana mtu wake ubalozini. Asema foleni yaweza kurukwa. Msomaji akumbuke jambo moja nalo litamwokoa: ombi la kumwita ndugu, liitwalo I-130, hupelekwa na yule aliye raia au mkaazi wa kule, si na aliyeko huku. Kama huna ndugu aliyelipeleka, huna ombi, hata ukilipa mamilioni. Likiisha kupelekwa hupewa namba ya stakabadhi, na kwa namba hiyo mwenyewe aweza kulifuatilia bila dalali. Ada zake hutangazwa wazi na hulipwa kwa Serikali yenyewe. Hakuna ada ya chini ya meza. Anayekuomba ada hiyo anakuibia.

Mbaya zaidi ni kishoka auzaye ndoa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 yawapa watu wa ndoa changa, isiyotimiza miaka 2, ukaazi wa masharti wa miaka 2, na mwisho wa muda huo wanandoa hutakiwa kuthibitisha kwamba nyumba yao ni ya kweli. Ndoa ya uongo ikigunduliwa, adhabu yaweza kuwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 250,000, na aliyeombewa kwa ndoa hiyo aweza kuzuiwa asikubaliwe kwa ombi lingine lolote la jamaa maishani mwake. Vivyo hivyo aandikaye mtoto wa dada kuwa mwanawe wa kuzaa. Maafisa waweza kuomba kipimo cha vinasaba, na damu haisomi karatasi iliyoghushiwa. Njia ya mwongo ni fupi, nayo hufunga nyuma yake njia ya wakweli.

Tena wakati huu wataka tahadhari zaidi. Mwezi Juni 2025 amri ya Rais wa Marekani iliweka vizuizi kwa raia wa nchi kadhaa, jirani yetu Burundi ikiwa miongoni mwao. Amri nyingine ya mwezi Desemba 2025 iliiongeza Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu, viza za uhamiaji zikiwemo. Mwezi Januari 2026 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikatangaza kusimamisha utoaji wa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, zikiwemo nyingi za Afrika. Amri za namna hii hutolewa, hurekebishwa na hufutwa. Kwa hiyo kabla mtu hajaacha kazi, hajauza shamba wala hajawatoa watoto shuleni, aulize siku hiyohiyo, tena aulize kwa mwenye mamlaka. Shamba likiisha kuuzwa halirudi kwa sababu amri imebadilika.

Basi tufanye nini? Jambo la kwanza liko mikononi mwetu wenyewe, wala halihitaji ruhusa ya balozi yeyote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na undugu bila cheti, mbele ya sheria za dunia hii, ni vivyo hivyo. Wengi hukwama si kwa sababu si wana wa baba mmoja, bali kwa sababu hapana karatasi isemayo hivyo. Mmoja ameandikwa kwa jina la babu, mwingine kwa jina la ubatizo, wa tatu kwa jina la shuleni, na tarehe za kuzaliwa zapishana kama mabasi barabarani. Tuwaandikishe watoto wetu wanapozaliwa. Tuandikishe ndoa zetu, za dini na za mila. Talaka zipitie mahakamani, na vifo vipewe vyeti. Hilo si kwa ajili ya Marekani tu. Cheti hicho hicho ndicho kitakachomlinda mjane wakati wa mirathi, ndicho kitakachodai mafao ya mfanyakazi aliyefia kazini, na ndicho kitakachomthibitisha mtoto kuwa mwananchi. Kila balozi wa nyumba kumi na kila katibu wa tawi aweza kulifanya jambo hili kuwa kazi yake ya mwaka huu.

La pili, vyama vya wafanyakazi na matawi yetu yaite watu wanaoijua sheria waje kuwaeleza wanachama mambo haya bila malipo. Kishoka hustawi penye giza. Washa taa, naye atahama.

La tatu, nyumba zizungumze kwa ukweli. Aliyeko ng'ambo aseme mshahara wake ulivyo, asijigambe kwa picha za magari yasiyo yake. Aliyeko nyumbani akubali jibu la "siwezi" bila kununa. Na anayengoja angoje akiwa anafanya kazi, anajenga, anasoma na kulea, maana miaka 15 ni sehemu kubwa ya uhai wa mtu, na nchi hii haiwezi kujengwa na watu waliofungasha mizigo wakakaa juu yake.

Twamaliza kwa kumkumbuka yule aliyetia sahihi. Hatumjui kwa jina, lakini tunajua yupo, katika mji wa baridi, akirudi kutoka zamu ya usiku, akiketi kwenye meza ndogo na hati mbele yake. Aijua hesabu tuliyoipiga hapa kuliko tuijuavyo sisi. Ajua kwamba kalamu ile yamfunga. Kisha amkumbuka mamaye, atia sahihi. Mtu huyo hastahili masimango yetu. Astahili heshima ile tunayompa kila mfanyakazi aliyebeba mzigo wa wenzake bila kuutangaza. Siku mama huyo atakapofika, ikiwa atafika, asidhani ameitwa na Marekani. Ameitwa na jasho la mwanawe.